Sachi Safi Haitoshi Tena: Kwa Nini Mafunzo ya Kila Mwaka Yawe Lazima kwa Mawakala wa Ardhi na Nyumba

Hotuba kwa mkutano wa mawakala wa ardhi na nyumba wa Pwani, Mombasa

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, kina mama, vijana, na wageni wetu kutoka ofisi za ardhi: assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie mafunzo ya lazima kwa mawakala waliokwisha kusajiliwa. Naanza na kipande cha ardhi ambacho wengi wenu mmekipita mara nyingi. Kiko Nyali, kimetazama bahari. Mwaka 1989 kiligawiwa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Baadaye kikauzwa kwa kampuni, na kampuni ile nayo ikakiuza kwa nyingine iitwayo Dina Management. Hati ilikuwepo, na jina la mwenyewe lilikuwepo kwenye rejista. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikaingia na kubomoa ukuta ili ifungue njia ya kufika ufuoni. Kesi ikapanda ngazi zote hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 21 Aprili 2023 majaji wakaamua hivi: ardhi ile ilikuwa imetengwa kuwa uwanja wa umma, haikugawiwa kwa utaratibu wa sheria tangu mwanzo, kwa hiyo mnunuzi wa mwisho hawezi kukingwa na hati yake, hata akisema alinunua kwa nia njema na kwa pesa zake halali.

Hukumu ya Mahakama ya Juu inazifunga mahakama nyingine zote za nchi hii. Kwa hiyo siku ile kazi yetu ilibadilika, tupende tusipende. Kabla yake wengi wetu tulikuwa na mazoea: chukua nakala ya hati, nenda kwa msajili, fanya sachi, yaani uchunguzi wa rejista ya ardhi, ikitoka safi mwite mnunuzi na umwambie kwa sauti ya kujiamini, "Mama, hapa hakuna shida." Leo maneno hayo hayatoshi. Leo inabidi tuulize hati hiyo ilizaliwaje. Nani aliigawa ardhi hii, na alikuwa na mamlaka ya kuigawa? Kulikuwa na ramani ya upangaji iliyoidhinishwa? Ilikuwa njia, soko, uwanja wa shule, au eneo la ufuo kabla ya kuwa ya mtu binafsi? Majibu mengine yamo ofisi ya mipango, mengine kwa mpimaji, mengine kwenye gazeti rasmi la serikali la miaka ya nyuma. Hayamo kwenye karatasi moja ya sachi.

Mwaka ule haukuishia hapo. Septemba 2023 Mahakama hiyo hiyo ikaamua kesi ya Torino, kuhusu ardhi ya Embakasi, Nairobi. Ikasema barua ya ugawaji, ile ambayo sisi mtaani tunaiita aloti, si hati. Hata aliyepewa akilipa kila kilichotakiwa na kutimiza kila sharti, bado hana cha kumuuzia mwingine mpaka usajili ukamilike. Wenzangu, mnajua ni aloti ngapi zinazunguka katika mji huu zikiuzwa kama viwanja. Mnajua ni mama wangapi wametoa pesa za chama wakashika aloti iliyopigwa mihuri mitatu.

Halafu Oktoba ya mwaka huo huo tukaona Mavoko, kaunti ya Machakos. Mahakama iliamua kwamba ardhi ya zaidi ya ekari 4,000 ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement, na siku chache baadaye tingatinga zikaingia. Waliobomolewa hawakuwa watu wa vibanda tu. Kulikuwa na nyumba za ghorofa, nyumba za watu waliofanya kazi miaka mingi wakaweka kila senti pale. Na walikuwa na karatasi mikononi. Kila karatasi ilikuwa na mtu aliyeiuza, na mara nyingi kati ya muuzaji na mnunuzi alisimama mtu wa katikati aliyechukua kamisheni yake na kwenda zake.

Hayo yote ni ya mwaka mmoja. Ndiyo maana nasema bila kuzungukazunguka kwamba wakala aliyepata leseni yake mwaka 2015 na hajakaa darasani tangu hapo, leo anapotosha watu. Si lazima awe mwizi. Huenda ni mwaminifu kuliko sisi sote na mchamungu. Anawapotosha kwa sababu anasema kwa yakini jambo ambalo lilikuwa kweli zamani. Mnunuzi hana namna ya kulitambua hilo. Anaona ofisi, anaona cheti ukutani, anaona mvi, anaamini. Mafunzo ya lazima ni haki ya yule mnunuzi, na ni kwa macho hayo ningependa tuyatazame. Tukiyatazama kama mzigo wa wakala, tutaishia kuhesabu saa na kulalamikia ada.

Chukueni kodi, maana hapo hesabu haina ubishi. Kodi ya faida ya mtaji ilirudishwa mwaka 2015 kwa asilimia 5. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Mzee alinunua kiwanja kwa shilingi milioni 4, anauza kwa milioni 10. Tuseme faida ni milioni 6, tuziache gharama kando. Wakala aliyebaki na elimu ya zamani anamwambia atalipa laki 3. Anayoidai serikali ni laki 9. Laki 6 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye karo ya wajukuu ambayo mzee alikwisha kuipangia. Vivyo hivyo kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha: ilianza 2016 kwa asilimia 10, ikashushwa hadi asilimia 7.5 kuanzia Januari 2024. Wapo wenye nyumba ambao mawakala wao hawakuwaambia, na wapo ambao hawajawahi kuambiwa kwamba kodi hiyo ipo.

Sasa nije nyumbani kwetu, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Pwani si Nairobi. Ardhi yetu ina historia yake, na anayeuza ardhi ya Pwani bila kuijua historia hiyo anatembea gizani. Mwaka 1908 wakoloni walileta sheria ya kusajili hati za ardhi katika ukanda huu. Mwenye madai alitakiwa ajitokeze ayathibitishe, na ardhi ambayo hakuna aliyeidai kwa njia yao ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Waliojua karatasi waliandikisha. Wengi waliokuwa wakiilima na kuzika humo wazee wao hawakuandikisha, na wajukuu wao ndio leo wanaoitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Sheria ile ilifutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, lakini hati zake bado zimo mikononi mwa watu, na migogoro yake bado imo mahakamani. Unapompeleka mteja kuona ekari tano huko Kilifi, ukamwonyesha hati safi, na pale juu pana vijumba, minazi iliyopandwa na mtu, na makaburi, je, utamwambia nini? Wapo wanaosema, "Hao wataondoka." Huo si ushauri wa mtu aliyesoma. Mtu aliyekaa mahali miaka kumi na miwili bila kificho, bila ruhusa ya mwenye ardhi na bila kukatizwa anaweza kudai umiliki mahakamani, na mara nyingi amefaulu.

Kisha kuna nyumba bila ardhi. Wenyeji wa Majengo, Likoni na Kisauni hawahitaji kuelezwa. Nyumba ni yako, umeijenga au umeinunua, una kuta, una paa, una wapangaji. Ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, na kila mwezi au kila mwaka unampelekea kodi ya ardhi. Nyumba hizi zinauzwa kila siku. Tatizo ni kwamba siku hizi zinauzwa kwa picha za simu, kwa mtu aliyeko Doha au Minneapolis, na tangazo linasema "nyumba ya vyumba sita, Mombasa, bei poa." Hakuna anayemwambia kwamba amenunua kuta. Mwenye ardhi akiuza, akipandisha kodi, au akifa na warithi wake wakataka eneo lao, ndipo mwenye nyumba anajua alichonunua. Hakuna kozi ya jumla inayofundisha jambo hili vizuri. Ndiyo maana mafunzo yetu lazima yawe na sehemu ya Pwani, ifundishwe na watu wa Pwani, na anayetaka kufanya kazi hapa aipite, hata awe na vyeti kumi vya Nairobi.

Na mirathi. Hapa nawaomba vijana wanisikilize hasa. Mzee amefariki. Mtoto mmoja yuko Mji wa Kale na hati iko kabatini kwake. Dada zake wawili wameolewa, mmoja Lamu, mmoja Muscat. Ndugu wa mwisho yuko Jeddah na hajapiga simu tangu Ramadhani. Yule wa hapa anakuja ofisini kwako na kukuambia familia imekubaliana. Wewe unafanya nini? Sheria haimruhusu kuuza ardhi ya marehemu kabla ya kupewa usimamizi wa mirathi na mahakama, na kabla usimamizi huo haujathibitishwa. Anayegusa mali ya marehemu bila mamlaka hayo anatenda kosa. Na fungu la yule dada wa Muscat liko palepale, liwe limeandikwa kwenye hati au halikuandikwa. Nimewaona mawakala wakimsaidia kaka mmoja kula haki za dada zake, na wao wakidhani wamefanya biashara ya kawaida. Vilevile mali ya wakfu. Mtu aliitoa kwa ajili ya msikiti au kwa ajili ya mayatima, mjukuu hawezi kuamka akaiuza, na wakala anayepokea kazi hiyo bila kuuliza swali moja hana udhuru.

Idhini ya mume au mke iko katika fungu hilo hilo. Nyumba ya ndoa haiuzwi kwa saini ya mmoja. Sheria imekuwa wazi tangu 2012 na 2013, na bado tunaletewa mauzo ambayo mke aliyasikia kwa jirani.

Kuna mambo mawili nitayapitia haraka. La kwanza ni pesa chafu. Februari 2024 shirika la kimataifa linalofuatilia utakatishaji wa fedha, FATF, liliiweka Kenya kwenye orodha ya nchi zinazochunguzwa kwa karibu. Sheria yetu inawataja mawakala wa ardhi na nyumba miongoni mwa wanaotakiwa kumjua mteja wao, kutunza kumbukumbu na kutoa taarifa ya miamala inayotiliwa shaka. Mtu akija na mkoba wa dola kununua nyumba mbili Nyali bila kuuliza bei, hilo sasa ni jukumu lako kisheria. La pili ni siri za wateja. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya kitambulisho cha mpangaji haitupwi kwenye kundi la WhatsApp la mabroka hamsini. Mnajua inatendeka. Iachwe.

Wenzetu wa nchi nyingine walikwisha kuliona hili. California, huwezi kuongezewa leseni bila saa 45 za masomo kila miaka minne, na miongoni mwake kuna maadili, usawa katika makazi, na namna ya kushika pesa za wateja. New York ni saa 22 na nusu kila miaka miwili. Texas ni saa 18 kila miaka miwili, na kinachonivutia Texas ni kwamba saa 8 kati ya hizo ni za mabadiliko ya sheria tu, yaani kilichobadilika tangu ulipokuja darasani mara ya mwisho. Hapa Afrika, wenzetu wa Afrika Kusini wana sheria mpya ya kazi hii iliyoanza kutumika Februari 2022, na ndani yake masomo endelevu ni sharti. Sisi tuna Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Nyumba, Sura ya 533, ya mwaka 1984. Tuna Bodi ya Usajili na tuna vyeti vya kila mwaka. Lakini sheria hiyo iliandikwa kabla ya Katiba ya 2010, kabla ya sheria zote za ardhi za 2012, kabla ya simu ya mkononi, na kabla ya Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, ambao ulizinduliwa Aprili 2021 na kubadilisha hata namna ya kufanya sachi.

Najua pingamizi zilizomo katika ukumbi huu, maana nimezisikia tangu asubuhi pale nje kwenye chai.

Wazee wanasema uzoefu unatosha. Nawaheshimu wazee wangu, na uzoefu wao nauhitaji. Mzee anayejua kiwanja kipi cha Tudor kilikuwa kisima cha mtaa mwaka 1975 ana elimu ambayo haimo kwenye rejista yoyote, na baada ya kesi ya Nyali elimu hiyo ina thamani kuliko zamani. Kwa hiyo nataka mzee huyo aje kufundisha, na apewe saa zake kwa kufundisha. Lakini uzoefu haukumwambia kwamba kodi imekuwa asilimia 15.

Wengine wanasema gharama. Hapo wana haki kabisa. Mafunzo yanayofanyika Nairobi hotelini, kwa ada ambayo wakala wa Kwale hapati kwa mwezi, pamoja na nauli na kulala, hayo yanawafaidi walioandaa. Tukitaka yawe lazima basi tuyafanye yafikike: Ukunda, Malindi, Lamu, Voi, kumbi za shule wakati wa likizo, na kwa Kiswahili. Nasisitiza Kiswahili. Mteja anaelezwa kwa Kiswahili, mapatano yanafanywa kwa Kiswahili, kosa linatokea kwa Kiswahili, halafu somo linatolewa kwa Kiingereza cha mawakili na nusu ya darasa inatikisa kichwa bila kushika kitu.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la tatu. Ndugu mmoja ameniambia: "Mnatubana sisi tuliosajiliwa, na yule broka wa barabarani asiye na ofisi wala cheti anaendelea kuuza." Ni kweli, na inauma. Ukitembea kutoka Buxton hadi Bombolulu utakutana na vijana chungu nzima wanaopangisha nyumba kwa kutembea. Wanachukua ada ya kuonyesha nyumba, wengine wanaonyesha nyumba ambayo imekwisha kupangwa. Sheria inamkataza asiyesajiliwa kufanya kazi hii, lakini ukamataji ni mdogo mno. Mimi siamini tutawamaliza kwa polisi. Vijana hawa wanajua mitaa kuliko sisi na wanaamka alfajiri. Wafunguliwe mlango: ngazi ya chini ya usajili kwa ajili ya kupangisha tu, kozi fupi ya nyumba za kupanga, mtihani, kitambulisho chenye picha na namba ambayo mpangaji anaweza kuihakiki kwa simu. Singapore kila wakala ana namba yake kwenye rejista ya umma, na mteja anaikagua kabla ya kutoa hata senti. Kijana akiwa na namba anayoogopa kuipoteza, atajali kujifunza. Wakati huohuo umma uambiwe, redioni na misikitini na makanisani, kwamba wakala asiye na namba asipewe amana.

Sasa mafunzo yenyewe yaweje? Yasiwe ya kusaini daftari saa tatu asubuhi, kusikiliza risala, kula biriani na kurudi kusaini saa kumi. Hayo tumeyaona, na hayajamwokoa mnunuzi hata mmoja. Nataka kila mwaka tupewe mafaili halisi, majina yakiwa yamefichwa. Hii hapa hati, hii sachi, hii ramani, hizi picha za eneo. Waambie wenzako kama ungeuza, na kama hapana, kwa nini. Anayeshindwa arudie mpaka aweze, bila kuaibishwa. Mpimaji aje atuonyeshe bikoni, yaani alama ya mpaka, iliyohamishwa inavyoonekana. Kadhi au karani wake aje atufundishe kusoma cheti cha warithi. Msajili wa ardhi aje aeleze ni nyaraka gani za kughushi alizozikamata mwaka huo, maana matapeli nao wanajifunza kila mwaka, tena bila kulazimishwa na mtu.

Na somo moja lisikosekane hata mwaka mmoja: pesa za watu. Amana ya mpangaji na malipo ya kwanza ya mnunuzi si mali yetu. Zikae kwenye akaunti ya wateja, mbali na ya ofisi na mbali zaidi na ya nyumbani. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na wakala mwenye daftari chafu atajikuta akilipa amana ya mpangaji wa Januari kwa pesa za mnunuzi wa Machi, akiamini Mei mambo yatakaa sawa. Anayeshindwa kuonyesha vitabu vyake wakati wa kuongezewa cheti, cheti kisubiri.

Mwenyekiti, nina maombi matatu kwa kikao hiki. Tuiandikie Bodi tukitaka mafunzo ya kila mwaka, yenye mtihani, yawe sharti la cheti cha mwaka kwa kila wakala bila kujali umri wake katika kazi. Tuombe sehemu ya Pwani iwemo kwa yeyote anayefanya kazi katika kaunti zetu sita. Na sisi wenyewe, tusingoje jibu: mwezi ujao tuanze na mafaili matano ya nyumba bila ardhi, ukumbi wa hapa Mombasa, ada iwe ya chai na nakala tu. Naomba mambo haya yaingie kwenye kumbukumbu za kikao na yapigiwe kura leo, kabla watu hawajatawanyika kwenda kuswali adhuhuri.